Kila Neno Lina Kofi Lake

Mtaa mzima unamjua shemeji yangu kwa jina la Mwalimu Kofi, na jina hilo limemletea maneno asiyoyastahili. Mzazi aliyehamia karibuni akisikia kwamba binti yake anasoma jioni kwa Mwalimu Kofi, alikuwa anafunga safari kuja kumwangalia huyo mwanamume anayewazaba watoto wa wenzake. Akifika anakutana na bwana mwembamba, miwani imefungwa uzi pembeni, anayemkaribisha kwa mikono miwili na kumtafutia kiti kisichoyumba. Shemeji hajawahi kumpiga mtu. Hata nzi humfukuza kama anamwomba radhi. Iliyokuwa ikipigwa makofi pale ndani ni meza.

Alikuwa anafundisha Kiitaliano. Najua utauliza alikipata wapi, maana kila mtu huuliza, na kila mtu hutegemea kusikia habari za ndege na masomo ya ng'ambo. Hakuna lolote. Ujanani alikuwa mtunza stoo kwenye kambi ya kampuni ya Waitaliano waliokuwa wakijenga barabara. Kazi yake ilikuwa kukaa katikati ya masanduku ya vipuri na kusoma kwa sauti kilichoandikwa ubavuni, ili fundi mkuu aliyelala chini ya gari ajue kama kinacholetwa ndicho anachotaka. Fundi huyo alikuwa mzee wa Kiitaliano ambaye wafanyakazi walimbandika jina la Babu Grisi, kwa sababu hakuna aliyewahi kuiona rangi halisi ya mikono yake.

Sasa shemeji alisoma kama sisi sote tunavyosoma. Ulimi wetu una mazoea yake: neno liwe fupi, liwe refu, uzito tunautua kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, wala hatuulizi. Sanduku limeandikwa pneumatico, yaani tairi, naye anapaza sauti kwa fahari, "Pneu-ma-TI-co!" Chini ya gari kimya. Anarudia. Kimya. Mwisho Babu Grisi anatoka mwenyewe akitambaa, anaiona tairi, anashika kichwa. Neno lenyewe uzito wake uko kwenye ma. Hata sanduku, scatola, linabonyezwa mwanzoni kabisa, kwenye sca. Shemeji alilibonyeza katikati, na mzee wa watu akaguna kama amekanyagwa kidole.

Babu Grisi hakuwa mtu wa vitabu. Alimkalisha shemeji juu ya sanduku, naye akakaa juu ya jingine, akaanza kupiga mbao. Kidole kwa kila silabi nyepesi, kiganja kizima kwa ile nzito. Pneu, kidole. Ma, kofi. Ti, kidole. Co, kidole. "Kila neno lina kofi moja tu," ndivyo shemeji alivyokuwa akimnukuu. "Ukiliweka pasipo pake, hakuna atakayekusikia." Wakawa wanafanya hivyo kila saa ya mapumziko, wenzao wakiwacheka kwamba kambi imepata wapiga ngoma wawili na hakuna hata mchezaji mmoja.

Barabara ikaisha, Waitaliano wakaenda zao, shemeji akabaki na kichwa kilichojaa majina ya vyuma na mkono usiotulia. Mwingine angesahau. Yeye alinunua kamusi kuukuu isiyo na jalada, akaisoma mpaka ikalegea, na alipokuja kuoa alikuwa tayari ana wanafunzi.

Kumpata dada yangu kulimtoa jasho. Dada ni fundi wa kushona. Shemeji alimletea suruali ipunguzwe urefu, akarudi nayo ileile irefushwe, na aliporudi tena dada akamwambia, "Kaka, sema unachotaka. Suruali imechoka." Akasema. Nilikuwepo, nikiwa msichana bado, najifunza kusuka kwenye kichwa cha dada, na nakumbuka jinsi vidole vya shemeji vilivyokuwa vinapapasa ubao wa cherehani wakati anatafuta maneno. Hajawahi kutafuta maneno bila kugusa kitu.

Cherehani hiyo ni ya miguu, zile za zamani, zenye pedali ya chuma na vigurudumu chini. Kichwa chake ukikilaza ndani na kurudisha kifuniko, inakuwa meza. Sebule yao ni ndogo, haiwezi kubeba meza mbili, kwa hiyo wakagawana: mchana ni ya dada, jioni ni ya shemeji. Mchana dada anashona, shemeji amekaa kwenye kigoda chake ubavuni, upande wenye ubao wa ziada unaokunjuliwa kuipanua meza, anaandaa somo. Jioni dada analaza kichwa cha cherehani, anapangusa nyuzi, wanafunzi wanaingia, na yeye anahamia nyuma ya pazia kutia vifungo. Waliishi hivyo mpaka watoto wao wakakua, wakaondoka, wakaanza kupiga simu badala ya kuja. Mimi nina saluni nyumba ya pili, tunachangia ukuta, na wateja wangu wamesukwa kwa mlio wa cherehani asubuhi na kwa makofi ya meza jioni. Mgeni akishtuka namwambia, "Tulia, mama, hapo wanachinja maneno."

Maana ndivyo walivyofanya. Walikuja wapishi wa hoteli, wauguzi waliotaka kwenda kufanya kazi kwa Waitaliano, vijana waliopenda tu kujua. Shemeji anaandika neno refu ubaoni, urefu wa kutisha, na darasa linainama. Anawaambia, "Msilimeze, mtakabwa. Litafuneni." Halafu analikata kwa mistari ya chaki. Herufi mbili zinazofanana zikikaa pamoja aliziita mapacha, na mapacha, alisema, wanalala nyumba tofauti: mac upande huu, chi-na upande ule. Herufi s aliiita mdaku, kwa sababu haikai nyuma na wenzake, lazima ikimbilie kwa jirani wa mbele: fi-ne-stra, dirisha. Kisha linakuja swali lenyewe, kofi liko wapi? Mara nyingi liko pale tulipozoea sisi. Lakini mengine yanarudi nyuma hatua moja zaidi, mengine yanasubiri mpaka mwisho kabisa ndipo yabonyezwe, na hapo ndipo wapishi walipokuwa wanatoka kijasho. Kulikuwa na mpishi mmoja ambaye mpaka leo husema tele-FO-no badala ya te-LE-fono, na ameshaajiriwa, ana cheo, ana tumbo.

Neno la kuhitimu lilikuwa precipitevolissimevolmente. Maana yake, aliniambia shemeji, ni kufanya jambo mbiombio kupita kiasi, lakini lenyewe halisemeki kwa haraka. Pre-ci-pi-te-vo-lis-si-me-vol, vidole mfululizo kama mvua kwenye bati, darasa limeshika pumzi, na baada ya safari yote hiyo kofi linatua kwenye men, silabi ya pili kutoka mwisho. Shemeji alikuwa anacheka kila mara. "Mnaona? Limezunguka dunia nzima, likaja kulala kwetu."

Nami nilijaribu. Niliingia darasani juma moja, nikitaka kuwaongelesha wanawake wa Kiitaliano waliokuwa wanakuja kusukwa. Kugawa nywele mafungu naweza nimefumba macho. Kugawa neno lao moja nikaota mvi. Shemeji akanitazama juu ya miwani, akapiga meza. "Wewe, shem, ni par-ruc-CHIE-ra."

"Tusi hilo?"

"Maana yake msusi."

"Linasikika kama tusi," nikamjibu, nikachukua mkoba wangu. Tangu siku hiyo ndilo aliloniita. Tukipishana mlangoni, parrucchiera. Nikileta chai, parrucchiera. Nami nilikuwa namjibu kwa tusi letu halisi, la kishemeji, ambalo siwezi kuliandika hapa.

Alipata kiharusi akiwa mbele ya ubao wake. Ilikuwa jua linataka kuzama, neno lilikuwa lubrificante, na shemeji akapiga kofi kwenye lu, mwanzoni kabisa, pasipo pake. Darasa likacheka. Walidhani anawatega, kwa sababu hajawahi kukosea. Akapiga tena, palepale. Muuguzi mmoja aliyekuwa kiti cha mbele ndiye aliyeuona mdomo umeshuka upande mmoja, akainuka kumdaka kabla hajaanguka. Nilisikia ukuta wangu umenyamaza ghafla, nikaacha kichwa cha mteja nusu kimesukwa nusu hakijasukwa, nikakimbia.

Alirudi kutoka hospitali mkono wa kulia umelala na kinywa hakina kitu. Alikuwa anaelewa, hilo lilionekana machoni, lakini akifungua mdomo inatoka "ta", na nyingine "ta", halafu anaifunga midomo kwa hasira. Hata ndiyo na hapana zilikuwa zimemchanganyikia. Kichwa kinakubali wakati uso unakataa. Mtu aliyeishi kwa maneno, tena ya watu wengine! Nilikuwa naingia pale kwa kelele zangu za kawaida, natoka naenda kulia kwenye beseni la kuoshea nywele.

Dada hakulia mbele ya mtu. Siku ya kwanza alimkalisha kwenye kiti kikubwa karibu na dirisha, akaketi kwenye cherehani, akaanza kushona kama kawaida, pengine ili nyumba isikike kama zamani. Shemeji akaanza kuguna. Mkono wa kushoto ukaelekea kwenye cherehani, ukarudi ukapiga kiti, ukaelekea tena. Dada akasimamisha pedali.

"Kelele?" akamuuliza. "Zinakuumiza kichwa?"

Kichwa kikakubali. Akaguna zaidi.

Basi tukaifunika cherehani kwa shuka. Akawa anaikodolea macho ile shuka na kuguna. Tukaisogeza kwenye korido. Akawa anaugunia mlango. Mwisho mimi na dada tuliisukuma mpaka chumba cha nyuma, kile cha masanduku na ndoo, tukafunga. Akanyamaza. Tukaambiana, afadhali, kichwa cha mgonjwa kimepata nafuu. Jirani mmoja akatuletea kimeza kizuri cha plastiki, tukakiweka mbele yake, akakitazama kama mtu aliyeletewa mtoto asiye wake. Hakukigusa.

Kila juma alikuwa anakuja binti mmoja kutoka hospitali ambaye kazi yake ni kuwarudisha watu kwenye kusema. Tulimwita Mtaalamu, naye akatuachia tumwite hivyo. Alikuwa na mkoba wa kadi za picha na subira ambayo sijui anainunua wapi. Anamwonyesha shemeji glasi ya maji: "Baba, hii ni ma... ma..." Shemeji anakaza shingo. "Ta." Anamwonyesha moto. "Ta." Anamwonyesha mama na mtoto. Shemeji anageuza uso dirishani. Maneno mafupi, mepesi, ya kwanza kabisa tunayojifunza, na hakuna hata moja lililotaka kumrudia.

Siku hiyo Mtaalamu alirudisha kadi zake mkobani, akamgeukia dada. "Mama, niambie. Baba alikuwa anaimba?"

"Huyu?" nikadakia. "Akiimba paka wanahama."

"Basi kuna kitu alichokuwa anakisema kila siku kwa mdundo? Sala, hesabu, chochote? Wapo ambao neno linakataa kutoka hivihivi, lakini ukilipa mdundo linapita."

Dada akavuta kigoda, akakaa mbele ya shemeji, akakishika kile kiganja cha kushoto na kukiweka juu ya kiganja chake mwenyewe. Huyu ni mtu ambaye hakuwahi kusoma somo hata moja. Lakini alikuwa ametia vifungo nyuma ya pazia jioni zote hizo, na kumbe maneno yote yalikuwa yamemwingia, maana zake hazijui, midundo anayo. Akaanza kupiga taratibu, kwa vidole vya shemeji juu ya kiganja chake: "Am... mor... tiz... za..." Akaunyanyua mkono wa shemeji, akauacha.

Mkono ukaanguka wenyewe. "TO," akasema shemeji. "Re."

Nilipiga kelele, wateja wangu wakatoka na vitana kichwani. Mtaalamu alikuwa anapiga makofi kama mtoto. Shemeji alitutazama mmoja mmoja, halafu akautazama mkono wake, akarudia peke yake, vidole vinne na kofi na kidole: "Ammortizzatore." Lote. Mapacha kila mmoja nyumbani kwake.

"Amesema nini?" nikauliza.

Hakuna aliyejua. Ilibidi tumpigie simu yule mpishi mwenye tumbo, akaniambia kwamba ni shokapu ya gari. Nilikasirika, sikufichi. Mwanamume amekaa kimya msimu mzima, mke wake anamlisha, anamwogesha, anamgeuza, na neno la kwanza analolifungulia kinywa ni shokapu! Dada alicheka mpaka akashika mbavu. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu wanafunzi wanyamaze.

Tukaendelea hivyo. Mtaalamu alifurahi, akasema tushike njia hiyohiyo. Kila asubuhi dada anampa kiganja, na maneno yanatoka, marefu, safi: kabureta, bisibisi, tairi, grisi, vyote kwa Kiitaliano cha Babu Grisi. Stoo nzima ya ujana wake ilikuwa bado imepangwa mle ndani. Lakini kwa Kiswahili hakuna kitu. Ukimwambia sema maji, "ta". Na akitaka kitu chake mwenyewe, kitu ambacho hakuna aliyemwanzishia, anakwama, anafura, anakata tamaa.

Siku moja nilikuwa namsuka dada, nimesimama nyuma yake, ndiyo maana nadhani aliweza kusema. "Mdogo wangu, nashukuru. Nashukuru sana. Lakini ameshaniita kila chuma cha lori, na mimi hajaniambia neno. Nataka aniambie neno moja tu, mimi, kwa lugha yangu. Hata likiwa la kunigombeza." Niliendelea kusuka, nikikaza kuliko inavyotakiwa, naye hakulalamika.

Katika siku hizohizo dada akaamua kuiachia cherehani. Kuna fundi mwenzake mtaa wa pili, tunamwita Fundi wa Kola kwa jinsi kola zake zinavyosimama, alikuwa ameitamani kitambo. Dada akamwambia aje aichukue. Nilipomuuliza kama ana hakika, alisema, "Nishone saa ngapi? Na kelele zile zinamtesa. Bora iende mahali itakapofanya kazi kuliko iliwe na kutu katikati ya ndoo." Alisema hivyo huku akikunja na kukunjua utepe wa kupimia. Mimi najua dada akiwa na hakika anakaaje, na hakukaa hivyo, lakini niliona si wakati wa kumbishia.

Fundi wa Kola alikuja asubuhi. Hakuna njia ya kutoka chumba cha nyuma isipokuwa sebuleni, kwa hiyo tulipanga tupite haraka, mimi nasukuma, yeye anavuta. Nilikuwa na taulo la saluni begani. Vigurudumu vilikuwa vimekauka, vikaanza kulia tangu kwenye korido, na tulipotokeza tu shemeji akageuza kichwa.

Uso wake ulibadilika. Mkono wa kushoto ukaanza kupiga ubavu wa kiti. Macho yalikuwa yametoka, mdomo unahangaika. "Ta. Ta."

"Pitisheni upesi," dada akasema, "atapandwa na presha." Akaenda kusimama mbele yake ili kumkinga asione. Shemeji akainama pembeni kumchungulia, karibu aanguke, bado anapiga.

Tulishafika mlangoni. Fundi wa Kola alikuwa ameshatoa mguu nje. Ndipo dada akasema, kwa sauti ambayo sijaisikia kwake kabla wala baadaye, "Ngojeni. Msisogee. Anagawa neno."

Nikasikiliza. Kweli, hayakuwa makofi ya hasira. Kidole, kidole, kidole, kidole. Kofi. Kidole. Anatulia, anavuta pumzi, anaanza upya. Kidole, kidole, kidole, kidole. Kofi. Kidole. Dada akapiga magoti, akakitelezesha kiganja chake chini ya mkono ule, badala ya mbao za kiti. Hakumwanzishia. Asingeweza, hakujua neno gani linakuja. Alikaa tu, ameshika.

"I," akasema shemeji. "Si. Chu. Ku." Mkono ukapanda, ukakaa hewani, nikadhani hautashuka. "LI. We."

Kisha akalisema tena, mara hii bila kukwama, na kofi likatua palepale, silabi ya pili kutoka mwisho, kwetu. "Isichukuliwe."

Fundi wa Kola aliiachia cherehani kama imemuunguza. Ni mtu mwema. Alirudi ndani, akaisukuma mwenyewe mpaka karibu na dirisha, na kabla ya kuaga akavipangusa vigurudumu kwa leso yake.

Dada alikuwa bado chini, magotini. "Isichukuliwe?" akasema. "Si ndiyo inayokuumiza kichwa? Kelele zake?"

"Ha. PA. Na." Na safari hii kichwa kilikataa pamoja na kinywa. Akaunyosha mkono, ule ule uliokuwa unaelekea kwenye cherehani tangu siku ya kwanza, na sasa ndipo nikaona ulikuwa unaelekea wapi hasa. Haukuwa unaelekea kwenye mashine. Ulikuwa unaelekea ubavuni mwake, upande wa ubao unaokunjuliwa, kilipokuwa kinakaa kigoda chake. Alikuwa anaomba kurudishwa mahali pake. Nasi tukampa dawa ya kichwa.

Tulimsogeza pamoja na kiti. Dada akaukunjua ubao, akaupangusa vumbi kwa kiwiko, na shemeji akaweka kiganja juu yake, akakiacha hapo. Mimi nilikuwa nalia waziwazi, kwa sauti, pua na kila kitu. Akanitazama juu ya miwani.

"Par," akasema. "Ruc."

"Usithubutu," nikamwambia.

"CHIE. Ra."

Nikamjibu lile tusi la kishemeji, na nusu ya uso wake inayoweza kucheka ikacheka.

Halafu akamgeukia dada. Ilimchukua muda. Vidole vilitembea juu ya ubao vikitafuta, vikarudi, vikatafuta tena, na dada hakumharakisha wala hakumsaidia; alikaa kwenye kiti chake cha kushonea, mikono mapajani, anasubiri kama msichana aliyeambiwa kuna habari yake. Neno lilikuwa fupi. Baada ya yale marefu yote, silabi mbili tu, kofi kwenye ya kwanza.

"SHO. Na."

Dada akafunika mdomo. Kisha akaondoa mkono, akainua kichwa cha cherehani, kikakaa mahali pake kwa ule mlio wake. Akatazama huku na huku. Hakukuwa na kitambaa, hakukuwa na kazi ya mtu, vyote alikuwa amevigawa. "Nishone nini, mume wangu?" akauliza.

"Cho," akasema shemeji. "CHO. Te."

Dada akalivuta taulo begani kwangu. Lilikuwa taulo zima, pindo zake imara, halina hata uzi uliolegea. Akaliweka chini ya sindano, akakanyaga pedali, akalishona kutoka upande mmoja mpaka mwingine, akaligeuza, akarudi nalo, na shemeji ubavuni kwake akaanza kupiga ubao kwa vidole, taratibu, akiifuata pedali.